Bustani ya mimea Dar es Salaam: mahali pa bure pa kumpeleka mtoto mdogo

Wengi wetu tukienda Dar es Salaam huwa tumefuata shida: kumpeleka mgonjwa Muhimbili, kuhudhuria msiba au kufuatilia mzigo. Tukiwa na watoto wadogo, hushinda ndani kwa ndugu na mlango umefungwa, kwa sababu nje kuna magari na pesa ya kuwatembeza haipo. Lakini katikati ya jiji kuna bustani ya mimea isiyo na kiingilio. Makala haya yanaeleza bustani hiyo ni nini, unafikaje, na mambo gani ya kuzingatia ukiwa na mtoto.

Bustani ya mimea ni nini?

Si bustani ya maua ya kupigia picha tu. Ni mahali ambapo mimea ya aina nyingi, ya hapa na ya nchi za mbali, imekusanywa na kutunzwa ili watu wajifunze. Bustani ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujaribu mazao ya biashara, kuona kama yatakubali udongo na hali ya hewa ya huku.

Majaribio ya aina hiyo yalibadilisha maisha ya watu. Mwaka huohuo wa 1893, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliingiza mkonge katika pwani ya Tanga. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini baada ya safari ndefu ya meli iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalianza mashamba ya mkonge ya Tanzania.

Unafikaje?

Bustani iko jirani na Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Ukumbi wa Karimjee. Panda daladala ya Posta au basi la mwendokasi la Kivukoni, kisha uliza njia. Angalizo: ukimwambia kondakta "Makumbusho" peke yake, atakushusha kituo cha Makumbusho, kule Kijitonyama, mbali kabisa na hapo. Sema "Posta, Makumbusho ya Taifa". Kumbuka pia kwamba kuingia ndani ya Makumbusho ya Taifa kunalipiwa, bustanini hakulipiwi.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye nafuu ya joto. Machi hadi Mei ni masika, utakuta matope. Beba maji na chakula cha mtoto kutoka nyumbani, na mpeleke haja kabla ya kutoka. Mvalishe nguo ya mikono mirefu, maana mbu wanaoeneza homa ya dengue huuma mchana na hupenda kivuli. Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya ugonjwa huo, ukiwemo wa mwaka 2019.

Umwonyeshe nini?

Mtoto wa miaka mitatu au minne hachukui maelezo marefu. Chagua miti mitatu, mwache aguse gome na aokote majani yaliyoanguka. Muulize: lipi refu, lipi linakwaruza, lipi linanukia?

Mwonyeshe mtapo, mmea unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu. Jamii ya mimea hiyo ilikuwepo duniani tangu enzi za dinosaria. Mwonyeshe mkrismasi, mti wa maua mekundu ambao asili yake ni Madagaska. Kisha mtafute ambao tayari anaujua kutoka nyumbani. Hapo ndipo wengi hufurahi zaidi, kwa kuwa safari hii mtoto ndiye anayekufundisha wewe.

Hatari moja ya kuzuia

Mtoto mdogo huonja kila kitu. Kabla ya kuingia, mpe sharti moja: usitie chochote mdomoni. Mbegu za mtapo zina sumu. Na sumu haiko mjini tu. Mbegu za mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, ni hatari zikitafunwa. Ututi, zile punje nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutunga shanga, ni hatari vilevile. Mimea hii miwili huota hata kando ya nyumba zetu, na rangi zake humvutia mtoto.

Mtoto akimeza mbegu usiyoijua, usimlazimishe kutapika. Toa mabaki yaliyomo mdomoni, kisha mkimbize kituo cha afya ukiwa na mbegu au tawi la mmea huo, ili mhudumu ajue amekula nini. Usisubiri aanze kuumwa. Sumu nyingine huchelewa saa kadhaa kuonyesha dalili.

Mkirudi nyumbani

Usiiache safari iishie Posta. Zungukeni uani, mtoto ataje kila mmea: huu tunakula, huu ni dawa, huu haushikwi. Kama bibi au babu yupo, mwache aongoze, maana anajua majina ambayo sisi tumeanza kuyasahau. Mtoto anayeujua mbarika kwa jina na kwa sura hataokota mbegu zake akidhani ni maharage.