Je, Wajua? Farasi Hana Mtulinga

Wewe unayesomea udaktari wa mifugo, na wewe uliyezoea kuiona misuli ikining'inia buchani tu, sogeeni hapa.

Je, wajua kuwa miguu ya mbele ya farasi haijaungana na kiwiliwili kwa mfupa hata mmoja? Hana mtulinga! Kifua chake kinaning'inia kati ya mabega mawili, kimeshikwa na misuli na kano tupu, na miguu hiyo ndiyo inayobeba kama asilimia 60 ya uzito wake. Ng'ombe na mbuzi ni vilevile. Mtazame mchinjaji: mkono wa mbuzi anautoa kwa kisu, shoka la nini?

Sasa shuka chini ya goti la farasi huyohuyo, utafute nyama. Utachoka! Kutoka hapo hadi kwenye ukwato ni mfupa, kano na ngozi. Misuli yenyewe imekaa juu, inavuta kwa mbali.

Tena msuli hujua kuvuta tu, kusukuma haujui. Basi bawa la kuku linapandaje? Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Msuli unaolipandisha bawa haupo mgongoni, upo kidarini, chini kabisa! Kano yake hupenya kwenye tundu begani na kushika mfupa wa bawa kwa juu, kama kamba ya bendera kwenye roda: unavuta chini, bendera inapanda. Kile kipande chembamba kinachochomoka chini ya kidari ukiwa jikoni ndicho hicho. Umeshakila mara ngapi bila kukiamkia?

Na kidari cha kuku kwa nini ni cheupe, cha njiwa chekundu? Kuku huruka kidogo akatua. Njiwa husafiri, kwa hiyo misuli yake imejaa mayoglobini, ile protini nyekundu inayohifadhi oksijeni.

Shika hili: moyo wa ng'ombe una mfupa! Mfupa hasa, si gegedu, nao uko pale mshipa mkuu wa damu unapotokea. Ukibisha, nunua moyo mzima wa ng'ombe aliyekomaa, upapase mwenyewe.

Farasi hatapiki. Msuli unaofunga mlango wa tumbo lake una nguvu kiasi kwamba tumbo likijaa kupita kiasi linaweza kupasuka kabla ya chochote kurudi juu. Ng'ombe je? Yeye hurudisha chakula mdomoni kutwa kucha, anacheua kwa raha zake.

Umemwona ng'ombe akitikisa ngozi ya ubavuni kumfukuza nzi? Ana msuli mmoja mpana, mwembamba, uliotandazwa chini ya ngozi kwa kazi hiyo. Haya, jaribu wewe kutikisa ngozi ya mgongo wako. Umeshindwa, eh? Mbwa anao pia, na daktari humfinya mgongoni kidogokidogo: pale ngozi inapoacha kushtuka, panadokeza uti wa mgongo umeumia wapi.

Twiga sasa! Kutoka ubongo hadi zoloto ni hatua fupi. Lakini neva inayoamrisha misuli ya zoloto, ile ya kushoto, hushuka shingo nzima hadi karibu na moyo, ikazunguka mshipa mkuu, ikapanda tena shingo nzima. Zaidi ya mita 4 za safari!

Mkonga wa tembo hauna mfupa hata kidogo. Georges Cuvier, mwanaanatomia wa Ufaransa, alikadiria una vifungu 40,000 vya misuli. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walimpiga picha za eksirei ndama wa tembo wa Asia, wakapata kama 90,000! Mwili wako mzima una misuli 600 na ushee. (Kifungu si msuli kamili, najua. Niache nishangae.)

Msuli unahitaji nishati hata kulegea, ndiyo maana mzoga hukakamaa. Ila wa kimeta mara nyingi haukakamai sawasawa, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani na kwingineko. Ukiukuta hivyo, kisu kibaki mfukoni! Usiupasue.

La mwisho. Mwaka 2018 watafiti waliopima misuli ya nyumbu wa Botswana walikuta inageuza asilimia 62.6 ya nishati kuwa kazi. Kinachopotea kama joto ni kidogo, kwa hiyo maji ya kujipoza nayo ni kidogo, na nyumbu mmoja alitembea kilomita 80 kwa siku 5 bila kunywa tone. Ng'ombe naye alipimwa. Alipata 41.8.