Udongo wa Kujaza Kwenye Viriba



Wapenzi wanafunzi na wazazi, bila shaka mnaikumbuka miche ya mipapai tuliyoipanga nyuma ya madrasa. Watoto waliimwagilia kila siku baada ya swala ya Alasiri, na bado ikafa karibu yote. Wapo waliolia wakidhani wamekosea wao. La hasha! Kosa lilikuwa letu walimu. Tulichota udongo mbugani kwa sababu ni mweusi, na mtu akiona weusi hudhani amepata rutuba.

Rutuba ipo kweli. Lakini udongo wa mbuga, kama ule wa bonde la Wembere, ni mfinyanzi mzito. Ukilowa huvimba na kushika maji, ukikauka hupasuka. Mpunga unaupenda. Ndani ya kiriba maji hayana pa kwenda, mizizi hukosa hewa ikaoza, na mpapai hauvumilii kabisa maji yaliyotuama. Kumbe kila tulipomwagilia tulikuwa tunauzamisha! Udongo wa kichanga nao, ulioenea sehemu nyingi za mkoa wetu wa Singida, hupitisha maji upesi mno na chakula cha mmea huondoka nayo.

Kuupima ni rahisi. Chota udongo kiganjani, ulowanishe kidogo, uviringishe kama kamba. Ukisambaratika, mchanga umezidi. Ukipindika kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Unaofaa hufanya kamba fupi kisha hukatika.

Mchanganyiko tunaoutumia sasa ni ndoo 3 za udongo wa juu, hasa wa chini ya miti, ndoo 2 za samadi na ndoo 1 ya mchanga wa mtoni. (Mwenye jamaa Singida mjini asichukue mchanga wa kando ya ziwa Singidani au Kindai, maziwa yale ni ya chumvi.) Samadi iwe imeoza miezi kadhaa. Ukiingiza mkono ukakuta joto, iache, kwani mbichi huunguza mizizi.

Mipapai tunaiongezea mchanga. Mwarobaini na mlonge haina makuu, samadi ndoo 1 yatosha. Shubiri huipandi vizuri mpaka nusu nzima iwe mchanga. Mchicha wa kwenye makopo ni mlafi, upe samadi nyingi. Kwa miche ya nyanya, usichote udongo palipolimwa nyanya, bilinganya au viazi mviringo, maana ugonjwa wa mnyauko hubaki ardhini. Na chombo chochote kiwe na matundu chini, hata kopo la rangi.

Inshaallah tutasia tena mbegu mwezi wa Septemba, ili miche iwe tayari mvua za Desemba zikishika. Kila mwanafunzi aje na udongo wa kwao, kikombe kimoja tu, tuuviringishe pamoja kabla ya kujaza kiriba hata kimoja.

Wabillahi tawfiiq.