TWITA INAYOPIGA MAKELELE: PIMA KABLA YA KUNUNUA NYINGINE

Katika nyumba nyingi za askari na watumishi wa serikali, kutoka Tororo hadi Malaba na Busia, sanduku la spika lililoundwa na mwenye nyumba mwenyewe si jambo la ajabu. Mbao hutoka kwa seremala, spika kubwa hutolewa katika redio iliyokufa, na twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hununuliwa mjini. Kazi huenda vizuri mpaka siku ya kusikiliza. Hapo sauti ya msomaji wa habari hutoka kama ya mtu anayesemea ndani ya debe, na njuga za vijana wa imbalu, ngoma ya kadodi inapopigwa, hukwaruza masikio. Baada ya majuma machache twita hunyamaza kabisa. Mwenye nyumba humlaumu mwenye duka, hununua nyingine, nayo hufa vivyo hivyo. Fedha ya sare za watoto imekwenda na twita.

Bidhaa hafifu zipo, hatukatai. Lakini mara nyingi kosa limo katika krosova, kile kifaa kinachogawa sauti nene kwenda spika kubwa na nyembamba kwenda twita.

Kila twita yenye koili ina mvumo wake wa asili. Mtoto aliye kwenye bembea akisukumwa kwa wakati unaofaa, hupanda juu sana ingawa mkono unaomsukuma hauna nguvu nyingi. Kiwambo cha twita ni hivyo hivyo: kikifikiwa na idadi fulani ya mitetemo, kwa twita nyingi karibu 1000 kwa sekunde, huchezacheza kupita kiasi. Wakati huo huo ukinzani wa twita hupanda ghafla, na hapa ndipo hesabu za mafundi wengi zinapoharibika.

Tuchukue mfano. Fundi ana twita iliyoandikwa ohmu 8, naye anataka ianze kazi kwenye mitetemo 3000. Hugawa 159,000 kwa 8 na tena kwa 3000, akapata kapasita ya maikrofaradi 6.6. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo ohmu 8 zinabaki 8. Tuseme mvumo wa twita uko kwenye mitetemo 1200, na hapo ukinzani wake umefika ohmu 24. Fundi alitazamia kwamba kwenye mitetemo hiyo twita itapata volti 37 katika kila 100 zinazotoka kwenye amplifaya. Kumbe inapata 77. Mlango alioudhani umefungwa uko wazi, tena mahali twita isipoweza kustahimili.

Kwa hiyo yafaa kupima kwanza. Funga rezista ya ohmu 100 kati ya amplifaya na twita, punguza sauti sana, kisha tumia simu yenye programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, ukipanda polepole kutoka mitetemo 500 hadi 3000. Weka mita ya volti za AC kwenye ncha mbili za twita. Pale mita inapoonyesha volti nyingi kuliko kwingine ndipo penye mvumo. Mita za bei nafuu hazisomi sawasawa kwenye mitetemo mingi, lakini hilo lisikusumbue: unachotafuta ni kilele, si kiasi.

Ukikuta kilele kiko chini ya nusu ya mitetemo uliyoichagua, huenda krosova ya hatua mbili ikatosha: kwa mfano wetu, kapasita ya maikrofaradi 4.7, kisha koili ya milihenri 0.6 sambamba na twita. Jaribu pia kupindua nyaya za twita, chanya kwa hasi, uchague mpango unaolainisha sauti.

Kelele ikibaki, funga sambamba na twita mnyororo wa koili, kapasita na rezista. Kwa twita ya mfano wetu, ambayo waya wake una ohmu 6, milihenri 0.8, maikrofaradi 22 na ohmu 8 huweza kukikata kilele hicho. Ohmu za waya wa koili nazo huhesabiwa. Koili ikiwa na ohmu 1, rezista ya 6.8 yatosha. Kapasita isiyo na chanya na hasi ikikosekana, chukua mbili za 47 kutoka redio kuukuu, uziunganishe hasi kwa hasi, nazo zitakupa 23 na ushee. Twita nyingine zitadai hesabu nyingine, ndiyo maana kunakili krosova ya jirani hakufai.

Wengine hufunga rezista ya ohmu 10 peke yake sambamba na twita. Kilele hushuka kweli, lakini ukinzani hupungua kwenye mitetemo yote, kapasita nayo haifai tena, na amplifaya hubebeshwa mzigo zaidi. Sisi hatuupendi mpango huo. Twita za pizo, zile zisizo na koili, hazihusiki na hesabu hizi.

Ukimaliza, rudia kipimo kile kile, safari hii mnyororo ukiwa umefungwa kwenye twita. Mita isipopanda tena kwenye mitetemo 1200, kaza parafujo za sanduku na ulirudishe sebuleni.