Mbwa humkumbuka mama yake, ndugu zake kwa masharti

Barabara ya Ggaba hutoka katikati ya Kampala, ikapita Kabalagala, Kansanga na Bunga, na kuishia ufukweni mwa Ziwa Victoria, penye soko na mwalo wa samaki. Huku mbwa ni wengi. Wapo wanaofungiwa nyuma ya kuta mchana na kuachiwa usiku walinde nyumba, na wapo wasio na banda wala mwenyewe, wanaoishi kwa mabaki ya sokoni. Jike akizaa, watoto hugawanywa upesi: mmoja huenda kwa jirani, mwingine mtaa wa Munyonyo, mwingine huuzwa kwa mpita njia. Miezi kadhaa baadaye wawili kati yao hukutana barabarani, hunusana, na wenye mbwa hubaki wakijiuliza: je, wamejuana?

Sayansi imelijibu swali hili, na jibu lina sehemu mbili. Mama na mtoto hutambuana hata baada ya kutengana kwa takriban miaka miwili. Ndugu wa uzao mmoja hupoteana, isipokuwa kwa mbwa aliyeendelea kuishi na angalau mmoja wa ndugu zake.

Ushahidi unaojulikana zaidi ulichapishwa mwaka 1994 na Peter Hepper wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, Ireland ya Kaskazini. Alianza na watoto wa wiki nne hadi tano na nusu. Walipowekewa mama yao upande mmoja na jike mgeni wa aina ileile upande wa pili, wengi walimwendea mama. Walipowekewa ndugu zao na watoto wa jike mwingine, wengi waliwachagua ndugu. Kisha Hepper aliwaondoa wanyama wenyewe na kuacha vitambaa tu walivyolalia. Watoto waliendelea kuchagua vilevile, ishara kwamba pua ndiyo iliyokuwa ikiwaongoza.

Hatua ya pili ilihusu mbwa waliokwisha kukua. Walikuwa na umri wa takriban miaka miwili, na walikuwa wametenganishwa na mama zao tangu wakiwa na wiki nane hivi. Kila mama aliwekewa vitambaa viwili: kimoja chenye harufu ya mwanawe, kingine chenye harufu ya mbwa mgeni wa aina, jinsia na umri uleule. Asilimia 78 ya mama walikinusa zaidi kitambaa cha mtoto wao. Jaribio lilipogeuzwa, asilimia 76 ya watoto walikinusa zaidi kitambaa cha mama. Kama wangekuwa wanabahatisha, matokeo yangekaribia nusu kwa nusu.

Kwa nini harufu na si sura? Mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufumbuka akiwa na wiki mbili hivi, na masikio huanza kufanya kazi karibu na wiki ya tatu. Kabla ya hapo ulimwengu wake wote ni joto, mguso na harufu. Hata kabla ya kuzaliwa pua imekwisha kuanza kujifunza. Mwaka 2006 Hepper na mwenzake Deborah Wells walionyesha kwamba majike wakilishwa chakula chenye harufu ya anisi wakati wa mimba, watoto wao huielekea harufu hiyo siku moja tu baada ya kuzaliwa. Na siku chache baada ya kuzaa, ngozi ya mama katikati ya matiti huanza kutoa kemikali inayowatuliza watoto wanaponyonya. Harufu ya mama humwingia mtoto pamoja na maziwa, usingizi na usalama, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa. Haishangazi kwamba hudumu.

Kuhusu ndugu, matokeo ya Hepper yanahitaji kutazamwa kwa makini. Mbwa wazima waliolelewa peke yao tangu waondoke kwa mama hawakuonyesha dalili ya kutambua harufu ya ndugu zao. Lakini waliokuwa wakiishi na ndugu mmoja waliwatambua hata ndugu wengine ambao hawajawaona tangu utotoni. Maelezo yanayoelekea ni kwamba harufu za ndugu zinafanana, na yule aliyebaki nyumbani huifanya harufu ya familia isififie. Linalojitokeza pia ni kwamba mbwa hatumii harufu ya mwili wake mwenyewe kama kipimo cha undugu. Kama angeitumia, aliyelelewa peke yake asingepotewa na ndugu zake. Kwa mbwa, basi, undugu hujengwa na malezi ya pamoja. Damu peke yake haitoshi.

Tusimpe mbwa zaidi ya kile ambacho majaribio yamethibitisha. Kutambua harufu si sawa na kukaa ukikumbuka utoto. Mtu anaweza kusikia sauti kwenye simu akajua kwamba anaifahamu, bila kukumbuka alikutana wapi na mwenye sauti hiyo. Mbwa wana kumbukumbu ya matukio pia: mwaka 2016 Claudia Fugazza na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, walionyesha kwamba mbwa wanaweza kurudia kitendo walichomwona bwana wao akikifanya, hata kama hawakutarajia kuulizwa. Lakini kumbukumbu hiyo ilififia kadiri muda ulivyopita. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba mbwa wa miaka miwili hukaa akimwaza mama yake.

Tena, kutambuana hakuleti urafiki wala kuzuia kujamiiana. Mbwa wawili wa mama mmoja wakikutana kwenye lango ambalo mmoja wao analilinda, ulinzi unaweza kushinda undugu. Na dume aliyekomaa anaweza kumpanda dada yake au hata mama yake. Katika Buganda, ufalme unaojumuisha Kampala, koo nyingi zina majina ya wanyama, ukiwemo ukoo wa Mbwa, na kwa desturi watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mbwa wenyewe hawana mwiko huo. Jukumu la kuzuia uzao wa ndugu kwa ndugu ni la mwenye mbwa, na njia ya uhakika ni kuwahasi madume na majike kwa daktari wa mifugo.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: vizuri, lakini mimi nataka mlinzi tu, ya mama yake yananihusu nini? Yanamhusu sana. Wiki zilezile ambazo mtoto hujifunza harufu ya mama ndizo anazojifunza namna ya kuishi na wengine. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walibaini kwamba kipindi nyeti huanza wiki ya tatu na kufikia tamati karibu na wiki ya 12. Katika michezo na ndugu zake mtoto hung'ata na kung'atwa. Aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha. Akizidi, mama humkanya. Hivyo ndivyo anavyojifunza kupima meno yake.

Anayeondolewa mapema hukosa somo hilo. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha mbwa 70 waliotenganishwa na mama wakiwa na siku 30 hadi 40, na wengine 70 waliotenganishwa wakiwa na miezi miwili. Kwa maelezo ya wenye mbwa, kundi la kwanza lilikuwa na woga zaidi matembezini, kubweka kupita kiasi, kushtushwa na kelele na ukali wa kulinda chakula na vitu vya kuchezea. Woga na meno yasiyopimwa ni mchanganyiko mbaya kwenye mtaa wenye watoto wengi.

Hapo suala hili linakuwa la afya ya binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Waathirika wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Chanjo ndiyo kinga ya kichaa, na malezi mema hupunguza kung'atwa. Vyote viwili vinahitajika.

Kwa hiyo usimchukue wala kumtoa mtoto wa mbwa kabla ya wiki nane. Kuanzia wiki ya tatu, akiwa bado na mama, mshike kwa upole kila siku ili awazoee watu. Anapohama, mpe kitambaa alicholalia na mama. Harufu hiyo aijuayo itamsaidia usiku wa kwanza katika nyumba ngeni. Chanjo za awali hutolewa akiwa na wiki sita hadi nane, na ya kichaa kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Ukitaka kumkutanisha na ndugu au mama yake, fanya hivyo mahali ambapo hakuna anayepalinda, wote wakiwa na kamba. Na yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kusubiri.

Wiki nane ni muda mfupi kwa mwenye mbwa anayetaka kuuza au kugawa. Kwa mbwa, ndizo zinazoamua atamtambua nani, atamwogopa nani na ataumaje. Mwache mama amalize kazi yake.