Kachumbari: Faida yake ubichi, hatari yake maji

MWANZA. Saa saba mchana, kwenye vibanda vya mama lishe karibu na mwalo wa Kirumba, sahani haijakamilika mpaka kachumbari iwekwe. Kuna ugali, kuna dagaa au sato, kuna mchicha kidogo, na pembeni nyanya na vitunguu vilivyokamuliwa ndimu. Mteja akisahauliwa, huuliza. Akipenda, huomba aongezewe.

Jioni, katika nyumba nyingi za jiji hilo hilo, watoto hukaa kula ugali na dagaa, au wali na maharage, bila kitu kibichi chochote pembeni. Kachumbari huhesabiwa kuwa ya wakubwa: ya nyama choma, ya pilau, ya siku wanapokuja wageni. Mama akichoka, ndiyo ya kwanza kuachwa.

Pale inapoachwa, mtoto hukosa zaidi ya ladha.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, ilikuwa asilimia 45. Sababu ni nyingi, zikiwamo malaria, minyoo na kichocho. Lakini mojawapo iko jikoni: mwili kutopata madini ya chuma ya kutosha kutoka kwenye chakula.

Ndimu na maharage

Maharage yana madini ya chuma. Mchicha unayo, unga wa dona unayo. Tatizo ni kwamba chuma cha kwenye mimea hakiingii mwilini kirahisi. Maharage na nafaka zisizokobolewa zina viambato vinavyokishika chuma hicho, kikapita tumboni na kutoka bila kutumika.

Vitamini C hubadilisha hali hiyo. Ikiliwa katika mlo uleule, hukisaidia chuma cha mimea kupita kutoka kwenye utumbo hadi kwenye damu. Samaki nao husaidia kwa njia yao. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao huliwa mzima na kichwa chake na mifupa yake, huongeza chuma na kalisiamu. Kwa hiyo sahani yenye ugali wa dona, maharage au dagaa, na kachumbari pembeni, humpa mtoto zaidi ya sahani hiyo hiyo bila kachumbari.

Jambo linaloharibu ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Mtoto akishiba ugali na maharage kisha akapewa kikombe cha chai papo hapo, sehemu ya faida imekwenda. Afadhali chai isubiri saa moja au mbili.

Mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu naye ahesabu hivyo hivyo. Vidonge vinapokewa vizuri zaidi na mwili vikimezwa kwa maji, pamoja na tunda lenye vitamini C, kuliko vikisukumwa na chai.

Vitamini C ina udhaifu mmoja: haipendi moto. Nyanya ikichemka kwenye mchuzi kwa nusu saa, sehemu ya vitamini hiyo hupotea. Hewa nayo huimaliza polepole baada ya tunda kukatwa. Ndiyo maana kachumbari iliyokatwa muda huo ina faida kuliko iliyokatwa asubuhi ikasubiri jioni.

Kisichopita motoni

Ubichi huo huo ndio hatari yake. Ugali umechemka, dagaa wamekaangwa, maharage yametokota. Vijidudu vilivyokuwapo vimekufa. Kachumbari haijapita popote. Kilichokuwa kwenye maji, kwenye kisu au kwenye mikono ya mpishi, kimeingia sahanini kikiwa hai.

Wakazi wa kanda ya ziwa wanajua maana yake. Kipindupindu kilipolipuka Tanzania Agosti 2015, kilianzia Dar es Salaam kikaenea mikoani, Mwanza ikiwamo. Kila kinaporudi, vyakula vibichi na matunda yaliyokatwa huwa vya kwanza kutiliwa shaka, na shaka hiyo ina msingi.

Ziwa lenyewe ni sehemu ya tatizo. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo na mitaro huteremka hadi ufukweni, pale pale ambapo watu huchota maji, hufua na kuosha mboga. Anayeosha nyanya ziwani hujiweka kwenye hatari mbili. Nyanya zinaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Naye mwenyewe, akisimama na miguu majini, anaweza kuambukizwa kichocho, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Mtoto anayetumwa ufukweni kuosha mboga anaweza kurudi na kichocho hata kama hakunywa tone la maji.

Maji ya bomba hutibiwa kabla ya kufika mtaani, lakini safari yake haiishii bombani. Katika nyumba zilizopanda milimani, kama za Igogo na Bugarika, maji hubebwa kwa ndoo na kuwekwa kwenye dumu au pipa. Kikombe kilichoshikwa na mikono ya kila mtu kikizamishwa humo, maji yaliyotoka safi hayako safi tena.

Ndimu ina nguvu, lakini haitoshi

Wapishi wengi huamini kwamba ndimu, siki au chumvi huua kila kitu. Imani hiyo ina ukweli kidogo ndani yake. Utafiti uliofanyika Guinea-Bissau, Afrika Magharibi, katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watu waliotia juisi ya ndimu kwenye mchuzi wa wali walikuwa na kinga fulani dhidi ya kipindupindu, kwa kuwa vijidudu vyake havivumilii uchachu.

Lakini kipindupindu si ugonjwa pekee unaobebwa na maji machafu, na matone machache ya ndimu kwenye bakuli kubwa hayafikii kila kipande. Ndimu ni nyongeza. Haichukui nafasi ya maji salama.

Maji, mikono, kisu na saa

Kwa kuwa kachumbari haina moto, kazi ya moto inabidi ifanywe na vitu vinne.

Cha kwanza ni maji. Chemsha mpaka yatokote kabisa, yaendelee kutokota kwa angalau dakika moja, kisha yaache yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Anayetumia dawa ya kutibu maji afuate kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye paketi. Osha nyanya, tango, karoti na hoho zikiwa nzima, kabla ya kuzikata, ukizisugua kwa mikono. Tunda linalomenywa, kama nanasi au embe, nalo lioshwe kwanza, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani.

Hapa kuna kosa ambalo hata mpishi msafi hulifanya. Vitunguu vikishakatwa, husuguliwa kwa chumvi ili ukali upungue, kisha husuuzwa. Maji ya kusuuzia huchotwa popote. Kitunguu hicho hakitaoshwa tena wala kupikwa, kwa hiyo maji hayo ya mwisho ndiyo yanayokwenda mdomoni. Yawe yaliyochemshwa.

Cha pili ni mikono. Inawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa baada ya kutoka chooni au kumbadilisha mtoto nepi.

Cha tatu ni kisu na ubao. Katika jiji la samaki, kisu kilichotoka kupasua sangara mara nyingi ndicho hicho hicho kinachokata nyanya. Kata kachumbari kwanza, iweke pembeni na kuifunika, ndipo ushike samaki. Kama samaki alitangulia, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Cha nne ni saa. Kata kinachotosha mlo mmoja. Kwenye joto la Mwanza, kachumbari isikae nje zaidi ya saa mbili. Iliyobaki usiku si ya kumpa mtoto asubuhi.

Aina tatu za kujaribu

Wamexico wana chakula ndugu na kachumbari wanachokiita salsa: nyanya, vitunguu, pilipili na ndimu, na mara nyingine embe au nanasi. Nyanya na pilipili zenyewe asili yake ni bara la Amerika. Jambo la kujifunza kwao ni kwamba tunda linaweza kuingia kwenye kachumbari, na watoto wanaokataa vitunguu mara nyingi hukubali utamu wake.

*Ya kila siku, kwa ugali na dagaa.* Nyanya nne zilizoiva lakini ngumu, kitunguu kimoja, tango moja, nusu ya pilipili hoho na ndimu moja. Katakata vipande vidogo. Weka chumvi kidogo, isizidi robo ya kijiko cha chai, na ukamue ndimu mwisho. Usiiache hoho: ina vitamini C mara kadhaa zaidi ya nyanya. Hutosha watu watano.

*Ya nanasi, kwa sato au sangara wa kukaanga.* Vikombe viwili vya nanasi lililokatwa vipande vidogo, tango moja lililomenywa, nusu kitunguu, majani machache ya giligilani na ndimu nusu. Wakubwa waongeze pilipili kwenye sahani zao. Nanasi lina uchachu wake, hivyo chumvi ya kopo haihitajiki.

*Ya embe na parachichi, kwa wali na maharage.* Embe moja lisiloiva sana, parachichi moja, nyanya mbili, kitunguu kidogo na ndimu. Parachichi likatwe mwisho na kuchanganywa taratibu lisipondeke. Embe zikiisha msimu, tumia papai.

Mapera nayo yasidharauliwe. Gramu 100 za mapera zina vitamini C zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho hicho cha chungwa. Yakikatwa vipande vidogo na kutolewa mbegu, huingia vizuri kwenye kachumbari ya papai.

Kwa watoto

Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa maziwa ya mama peke yake. Akianza kula, matunda kama papai na parachichi yapondwe laini. Asiwekewe chumvi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wala pilipili. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitatu, nyanya na tango vikatwe vidogo sana na karoti ikwanguliwe, kwa sababu kipande kigumu kinaweza kumkaba. Aketi anapokula, asikimbie.

Kwa wakubwa pia mkono wa chumvi uwe mwepesi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze ndimu na pilipili kama zinamuumiza.

Kipindupindu kikitangazwa

Mlipuko ukitangazwa mtaani, kanuni inakuwa kali zaidi: pika, menya mwenyewe, au acha. Kachumbari ya barabarani isubiri. Nyumbani, baki na vitu vinavyomenywa, kama nanasi, embe na parachichi, vilivyooshwa kwa maji yaliyochemshwa.

Au tumia njia nyingine ya Wamexico. Choma nyanya na kitunguu juu ya mkaa mpaka ganda liungue na ndani pawe pa moto kabisa. Menya, ponda kwenye kinu kilichooshwa kwa maji ya moto, kisha kamua ndimu vikishatoka motoni. Moto umeua vijidudu, na ndimu imerudisha sehemu ya vitamini iliyopotea. Iliwe ikiwa bado ya moto.

Mtoto akianza kuhara maji maji, hasa yanayofanana na maji yaliyooshea mchele, aanze kupewa ORS mara moja, paketi moja kwenye lita moja ya maji salama, huku akipelekwa kituo cha afya. Asisubiri asubuhi. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Siku nyingine zote, kachumbari haihitaji fedha nyingi. Nyanya, kitunguu na ndimu karibu kila jiko la Mwanza linavyo. Kinachohitajika zaidi ni ndoo ndogo yenye mfuniko, iliyojazwa maji yaliyochemshwa tangu jana yake na kuwekwa kwa ajili ya vitu vibichi tu. Ndoo hiyo ikiwapo, mtoto anaweza kupata kachumbari kila siku bila kungoja wageni.