Sergei Loznitsa: Mwelekezi wa filamu aliyetengwa na wenzake wakati wa vita

MACHI 2022, wiki chache baada ya majeshi ya Urusi kuvamia Ukraine, Akademia ya Filamu ya Ukraine ilimfukuza mwanachama wake mashuhuri, Sergei Loznitsa. Kosa lake lilikuwa kupinga wito wa kususia filamu zote za Urusi.

Loznitsa hakuwa akiitetea Moscow. Mwishoni mwa Februari mwaka huo, alikuwa amejiuzulu kutoka Akademia ya Filamu ya Ulaya akilalamika kwamba tamko lake kuhusu uvamizi huo lilikuwa hafifu. Hata hivyo, alishikilia kuwa mtu hupimwa kwa matendo yake wala si kwa pasipoti yake. Akademia ya Ukraine nayo ilisema taifa linapopigania uhuru wake, kila raia hana budi kutanguliza utaifa.

Mwelekezi huyo alizaliwa Belarus mwaka 1964 na kulelewa jijini Kyiv, alikosomea hisabati. Alifanya utafiti wa akili bandia kabla ya kujiunga na chuo cha filamu cha VGIK, Moscow, mwaka 1991. Alihamia Ujerumani mwaka 2001.

Katika filamu zake nyingi za matukio halisi hamna msimulizi. Blockade (2005), inayohusu kuzingirwa kwa Leningrad, iliundwa kwa picha za kale za maktaba na kutiwa sauti upya. Katika Maidan (2014), kamera imetulia mahali pamoja huku umati ukiandamana Kyiv. Mtazamaji huachiwa aone na kuamua mwenyewe.

Filamu yake ya kubuni, Donbass, ilimpa tuzo ya mwelekezi bora katika kitengo cha Un Certain Regard, Cannes, mwaka 2018. Babi Yar. Context (2021) ilirejelea mauaji ya Wayahudi 33,771 yaliyotekelezwa Kyiv kwa siku mbili, Septemba 1941. Iligusa donda bichi kwa kuonyesha pia kimya cha wakazi.

Kufukuzwa hakukumtenga na nchi yake. Mwaka 2024 alileta The Invasion, inayoonyesha mazishi, harusi na masomo vikiendelea Ukraine licha ya mabomu. Mwaka 2025 alishindana tena Cannes kwa Two Prosecutors, hadithi ya kiongozi kijana wa mashtaka anayesaka haki enzi za Stalin.

Swali lililomtenganisha na wenzake lingali zito: je, msanii abebe hatia ya serikali yake?