Chapati Iliyobeba Kitoweo Chake

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Unga wa ngano nao ni vivyo hivyo. Sisi watu wa pwani tumeukanda, tumeusukuma na kuupaka samli tangu enzi za mabibi zetu, hata tukadhani hauna siri tena. Kumbe ipo iliyotupita karibu: chapati ya kujazwa mbatata, waipikayo Wahindi wa Punjab na kuila kwa achari na maziwa ya mgando.

Mwandishi wa makala haya hakuionjea katika hoteli kubwa. Aliionjea Pipeline, mtaa wa maghorofa yaliyosongamana upande wa Embakasi, mashariki ya Nairobi, nyumbani kwa mama mmoja mzaliwa wa Lamu. Chumba ni kimoja: kitanda huku, pazia katikati, jiko kule. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mfuko umekauka. Siku kama hizo watoto wakiuliza, "Mama, leo chapati na nini?" jibu huwa ni chai ya rangi. Jioni ile aliwaambia, "Kitoweo kimo ndani. Kuleni."

"Huku bara nina shida mbili, mwanangu," alinieleza. "Nyama ni ghali, na vyakula vya kujazwa vinavyouzwa njiani sijui aliyechinja ni nani wala mafuta yake ni gani. Lakini kiazi hakichinjwi."

Huenda msomaji akasema hayo ni mapishi ya Wahindi, sisi yatuhusu nini? Na ajue kwamba hata hiyo tuiitayo chapati, Mhindi akiiona ataiita paratha. Chapati ya kwao ni nyembamba, huokwa kavu juu ya tawa bila mafuta. Yetu hupakwa samli, ikakunjwa, ikazungushwa kama konokono, ikasukumwa tena ili itoke tabaka tabaka. Na hiyo ndiyo paratha hasa. Wafanya biashara wa Kihindi walikuwa wakifika pwani karne nyingi kabla ya reli. Kisha baina ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza wakaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, na wengi wao walitoka Punjab, nchi ya ngano. Walio wengi walirudi kwao, lakini chapati ilibaki, na leo hapana mtaa wa Nairobi usioipika.

Wala kujaza unga si jambo geni kwetu. Mkate wa mayai wa Mombasa, wenye nyama ya kusaga na yai ndani, ni ndugu wa mutabbaq ya Yemen na Hijazi. Basi aliyekwisha kujua kusukuma chapati amebakiza hatua moja tu.

Kwa chapati 8, chukua vikombe 3 vya unga wa ngano. Ule wa atta, usioondolewa kumvi zote, ndio wautumiao Wahindi, lakini mweupe pia wafaa. Tia chumvi na kijiko 1 cha mafuta, kisha maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Kanda mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio, ufunike, uuache nusu saa. Usiuharakishe, kwani unga usiopumzika hujivuta ukisukumwa, na mwisho wake ni kupasuka.

Chemsha mbatata 5 za kiasi pamoja na maganda yake ili zisinywe maji. Zimenye zingali moto, uziponde zisibaki na madonge, maana donge dogo hutoboa unga kama msumari. Ziache zipoe kabisa. Tia pilipili mbichi na kotmiri iliyokatwa ndogo ndogo, manjano kidogo, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikapondwa. Chumvi itie mwisho, unapokuwa tayari kujaza, kwa sababu chumvi huvuta maji. Kitunguu pia hutoa maji; ukikipenda, kikate kidogo sana ukikamue.

Hapo ndipo penye siri yote: kijazo kiwe kikavu, na ulaini wake ulingane na wa unga. "Ya kwanza niliijaza viazi vya moto," alisema mama yule huku akicheka. "Ilipasuka, viazi vikaungulia kwenye tawa, moshi ukajaa chumba, jirani akagonga mlango akidhani nyumba inawaka!"

Gawa unga madonge 8. Kila donge ulifanye kama kikombe, kingo nyembamba na katikati nene. Weka kijazo, kusanya kingo juu kama unavyofunga mdomo wa mfuko, ubane, ukikate kile kikia kinachozidi. Lilaze donge mdomo ukiwa chini, ulipapase kwa vidole, nyunyiza unga, kisha sukuma polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Kibao kikikosekana, meza safi na chupa ya gilasi vyatosha. Tawa iwe imeshika moto vizuri. Geuza upande wa kwanza ukikauka, ndipo upake samli au mafuta. Moto ukiwa mdogo, chapati hukauka ikawa kama ngozi.

Na neno moja kwa wanaoishi chumba kimoja: jiko la makaa lisiwashwe ndani mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Pika mahali penye upepo, na jiko usilale nalo.

Faida ya chapati hii hujulikana zaidi mwezi wa Ramadhani. Ikipikwa usiku huliwa daku bila kungojea mchuzi, na asubuhi za siku nyingine hukunjwa katika karatasi ikaenda kazini au shuleni.

Lakini mama yule alikuwa na furaha nyingine. Binti yake, mzaliwa wa Nairobi, alizoea kushuka ngazi kununua chapati kwa wauzaji wa chini, na hakuwahi kutia mkono katika unga. Jioni ile alikuwa amechutama kando ya kibao, akifunga donge lake la nne. La kwanza lilipasuka, la pili pia. La tatu lilitoka mviringo wa kombo, lakini halikutoboka. Mama alilitia katika sahani ya baba, juu ya mengine yote.